Kolwezi 1978, neodimiamu, na kwa nini aloi mpya ya sumaku si suala la kuchanganya tu

Mchenjuaji

Wakuu, heshima zenu.

Kila baada ya muda inazunguka habari kwamba watafiti wa mahali fulani wamepata sumaku mpya isiyohitaji madini adimu (kundi la metali kama neodimiamu na samariamu), na kwamba Mchina sasa kwisha habari yake. Baada ya hapo kimya. Upande wa pili kuna wanaojadili Ngualla, mradi wetu wa madini adimu huko Songwe, kana kwamba udongo ukipakiwa Songwe asubuhi, jioni uko ndani ya mota ya gari la umeme. Makundi yote mawili yanairuka sehemu ile ile ya kazi: namna aloi ya sumaku, yaani mchanganyiko wa metali, inavyozaliwa. Hiyo ndiyo nataka tuijadili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Sumaku ya kudumu inadaiwa mambo matatu kwa mpigo. Iwe na usumaku mwingi ndani ya ujazo mdogo. Usumaku huo ubaki hata joto likipanda. Na ikisukumwa na uga wa sumaku kutoka upande wa pili, ikatae kugeuka. Ukaidi huo wa tatu wenye fani wanauita koesiviti, na ndio umewamaliza watu ujana maabara.

Chuma kitupu kina usumaku mwingi kuliko sumaku yoyote ya bei mbaya unayoijua: zaidi ya tesla 2 (tesla ni kipimo cha usumaku), na kinauhifadhi hadi 770°C. Tatizo lake hakina msimamo. Uga mdogo tu unakigeuza. Hapo ndipo madini adimu yanapoingia. Elektroni za ngazi ya 4f za neodimiamu au samariamu hazizunguki kiini kwa duara kamili; wingu lao limebonyea au limerefuka, na atomi za jirani ndani ya fuwele zinalibana lielekee upande mmoja. Usumaku wa atomi umefungamana na umbo hilo, kwa hiyo anayetaka kugeuza usumaku lazima aligeuze na wingu lenyewe. Kazi kubwa. Kwa ufupi, chuma au kobalti huleta wingi na uvumilivu wa joto, madini adimu huleta msimamo. Karibu aloi zote nitakazotaja ni ndoa ya hao wawili, na ugomvi wote uko kwenye nani aolewe na nani, na kwa mahari kiasi gani.

Ndoa ya kwanza iliyofanikiwa ilifungwa Dayton, Ohio, kwenye maabara ya vifaa ya Jeshi la Anga la Marekani. Karl Strnat na wenzake, mwaka 1966 na 1967, walionyesha kwamba misombo ya kobalti na madini adimu, itriamu kwanza, ina msimamo wa ajabu. Ndani ya miaka michache ikapatikana SmCo5, yaani samariamu na kobalti, kisha ndugu yake Sm2Co17. Hadi leo hizi ndizo zinazopelekwa penye joto la 300°C. Lakini zilibeba mzigo mara mbili: samariamu haikuwa nyingi, na kobalti ilitegemea mno nchi moja, Zaire, ndiyo Kongo ya sasa.

Mei 1978 waasi wa FNLC waliingia Kolwezi, mji wa migodi wa huko Zaire, wakitokea Angola. Bei rasmi ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo, ikafika dola 25 mwaka 1979. Kampuni za magari na za vifaa vya elektroniki zilizokuwa zinapanga kutumia samariamu na kobalti kwenye kila kitu zikashtuka. Kuanzia hapo swali la "chuma badala ya kobalti" likapata wenye mifuko.

Nasema wenye mifuko kwa sababu wazo lenyewe lilitangulia vita. Masato Sagawa wa Fujitsu alikuwa ameketi kwenye kongamano Japani Januari 1978, akasikia mhadhiri akieleza kwamba madini adimu na chuma havitoi sumaku nzuri kwa kuwa atomi za chuma zimekaribiana mno. Akajiuliza: nikiingiza atomi ndogo, kama boroni au kaboni, nikazitenganisha je? Mwajiri wake hakuona umuhimu. Mwaka 1982 akaacha kazi, akahamia Sumitomo Special Metals, na mwaka huo huo akaipata. Marekani, John Croat wa General Motors alikuwa anafika pale pale kwa njia nyingine: anamimina aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, inaganda kama utepe. Novemba 1983 wote wawili walisimama kwenye mkutano mmoja mjini Pittsburgh na kutangaza kitu kimoja.

Kitu chenyewe ni Nd2Fe14B, yaani neodimiamu, chuma na boroni. Wala haikuwa fuwele ya zamani iliyotanuliwa kama Sagawa alivyowaza. Ilikuwa fuwele mpya kabisa. Neodimiamu inapatikana kwa wingi kuliko samariamu, chuma ni bei ya bure, kobalti hakuna. Na ina nguvu kuliko zote zilizotangulia.

Kasoro yake ni joto. Nitarudi.

Kijana wa Chunya

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

KatangaYetu

Mimi ni mtoto wa Kolwezi, niko Lubumbashi sasa. Kwetu ile wanaiita vita ya siku sita. Wazee wangu walikimbilia porini na watoto mgongoni, na hakuna aliyekuwa anawaza sumaku, hilo nakuhakikishia. Baba alikuwa mtu wa mgodi. Sikuwahi kusikia mtu akiunganisha ile vita na magari ya Japani. Endelea, ndugu.

Swali: hizo za samariamu na kobalti zimekufa?

Mchenjuaji

Pole sana kwa yaliyowapata wazee, ndugu yangu. Kwenye vitabu vya sumaku Kolwezi inatajwa kwa sentensi moja, inayohusu bei tu.

Hazikufa. Ziko kwenye injini za ndege, satelaiti, makombora. Tarehe 4 Aprili 2025 China ilipoweka udhibiti wa kuuza nje madini adimu saba, samariamu ilikuwemo pamoja na disprosiamu na terbiamu, na sumaku zake pia. Watengeneza magari waliguswa haraka, Suzuki walisimamisha kuunda Swift kwa muda, lakini walioshtuka zaidi kuhusu samariamu ni wa silaha.

Fundi Msuka Mota

Mimi nasuka mota, pikipiki za umeme zinakuja kwangu kila siku. Nisaidie hapa. Wateja wanakuja wamenunua sumaku za N52 wanaambiwa ndiyo kali kuliko zote. Tunabandika, mota inavuta vizuri, jamaa akipanda mlima na abiria wawili mara kadhaa, nguvu inaisha na hairudi hata ikipoa. Ni feki?

Mchenjuaji

Inawezekana si feki, fundi. Na swali lako ndilo kiini cha uzi wote, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Namba ni nguvu, herufi ni joto. N52 isiyo na herufi inakubalika hadi kama 80°C. M ni 100, H ni 120, SH ni 150, UH ni 180, EH ni 200. Ndani ya mota iliyobanwa ikipanda mlima, 80 unaipita bila kujua. Na hairudi ikipoa kwa sababu sehemu ya sumaku imeshageuzwa na uga wa koili zako. Kuirudisha ni kuitia usumaku upya. Mteja mwambie anunue namba ndogo yenye herufi, kwa mfano N38SH, utamwona mara chache.

Kwa nini namba kubwa na herufi nzuri ni vigumu kukaa pamoja? Nd2Fe14B inapoteza usumaku wote ikifika 312°C, lakini ukaidi unaporomoka mapema zaidi. Dawa ya zamani ni kutoa sehemu ya neodimiamu na kuweka disprosiamu au terbiamu. Fuwele yenye disprosiamu ina msimamo karibu mara mbili. Gharama yake ni kwamba usumaku wa disprosiamu unaelekea kinyume na wa chuma, kwa hiyo kila gramu unayoongeza inapunguza nguvu ya jumla. Herufi inapanda, namba inashuka. Na disprosiamu ni adimu kwelikweli: kwa miaka mingi imetoka kwenye udongo mfinyanzi wa kusini mwa China, siku hizi na Myanmar kaskazini. Mgogoro wa 2010 na 2011, bei zilipopaa, ulikuwa hasa wa hii.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ukikokotoa ukaidi wa Nd2Fe14B kwa nadharia, unapata kama tesla 7. Sumaku halisi isiyo na disprosiamu inatoa tesla 1 na kidogo. Karibu sehemu ya sita! Fuwele ile ile, kemia ile ile. Nguvu iliyobaki imekwenda wapi?

Imepotelea mipakani. Sumaku ya dukani imeundwa na punje za upana wa maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kila moja fuwele yake. Aloi inayeyushwa, inagandishwa haraka, inalishwa hidrojeni hadi inapasuka yenyewe, inasagwa kwa mkondo wa gesi, unga unapangwa upande mmoja ndani ya uga wa sumaku, unashindiliwa, halafu unaokwa kwenye ombwe kwa kama 1,050°C. Kila punje ina uso, na usoni kuna dosari. Kugeuka kwa usumaku kunaanzia kwenye dosari kama moto wa nyika unaoanzia kwenye kona moja yenye nyasi kavu. Usipokuta barabara ya moto, unateketeza hadi shamba la jirani. Barabara ya moto ya sumaku ni utando mwembamba wa nanomita chache, wenye neodimiamu nyingi, unaozunguka kila punje. Ndiyo maana baada ya kuoka wanairudisha tena kwenye kama 500 au 600°C: utando ule uyeyuke na upenye kila mahali. Shaba kidogo sana inausaidia kupenya. Kazuhiro Hono na wenzake wa NIMS, taasisi ya utafiti ya Japani kule Tsukuba, walipouchunguza atomi kwa atomi walikuta una chuma kingi kuliko ilivyodhaniwa, maana yake utando wenyewe ulikuwa na usumaku. Barabara ya moto yenye nyasi.

Kwa hiyo kazi kubwa ya miaka 20 iliyopita imefanyika kwenye ule utando na ukubwa wa punje, huku fuwele ikibaki ile ile. Shin-Etsu, kampuni ya Japani, walipaka disprosiamu juu ya sumaku iliyokwisha kuokwa, wakaipasha joto ikapenya kupitia mipaka na kukaa kwenye ngozi ya kila punje tu, pale moto unapoanzia. Katikati ya punje hakuna kitu, kwa hiyo nguvu haipotei sana, na disprosiamu inayotumika ni kidogo mno. Honda na Daido Steel mwaka 2016 walitoa sumaku ya gari la mseto isiyo na disprosiamu wala terbiamu kabisa, kwa njia inayotokana na utepe wa Croat: punje ndogo sana, zinabanwa kwa moto hadi zijipange. Sagawa mwenyewe uzeeni alikazana na kupunguza punje hadi maikroni 1. Ugumu hapo ni kwamba unga mwembamba hivyo ukiguswa na hewa unawaka.

Bi Tunu

Mwanangu umeeleza vizuri, hata mimi wa masuala ya biashara nimeelewa. Ila kichwa cha uzi kinasema aloi mpya. Mpaka sasa naona ya 1982 inapigwa viraka.

Mchenjuaji

Shikamoo mama. Ni kweli, na viraka hivyo ndivyo vinavyoendesha magari. Lakini zipo mpya, nitaje tatu ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni Sm2Fe17N3. Mwaka 1990 Michael Coey na Hong Sun wa Trinity College Dublin walichukua msombo wa samariamu na chuma, wakaupitishia gesi yenye nitrojeni, atomi za nitrojeni zikaingia katikati ya atomi za chuma na kuzitanua. Wazo ambalo Sagawa alilianza na boroni likafanya kazi huku. Joto la Curie, yaani lile ambalo usumaku wote unaisha, linapita 470°C, ukaidi wa nadharia ni mkubwa kuliko wa neodimiamu. Kilio chake: ukiipasha kupita kama 600°C inavunjika, nitrojeni inamkimbilia samariamu na chuma kinabaki peke yake. Huwezi kuioka. Kwa hiyo inauzwa kama unga unaochanganywa na plastiki, na plastiki inakula nafasi ya usumaku. Miaka 35 sasa watu wanatafuta namna ya kuishindilia bila kuiua.

Ya pili inanipa mate mdomoni. Inaitwa 1:12, yaani atomi moja ya madini adimu kwa kumi na mbili za chuma, wakati kwenye neodimiamu ni moja kwa saba. Mwaka 2017 kundi la NIMS lilitengeneza utando mwembamba wa samariamu, chuma na kobalti kidogo wa aina hiyo: tesla 1.78 dhidi ya 1.6 ya Nd2Fe14B, na joto la Curie linalokaribia 590°C. Kwenye karatasi, inaishinda neodimiamu kila mahali na inatumia madini adimu kidogo zaidi. Lakini ule ni utando uliokuzwa juu ya fuwele nyingine. Ukiyeyusha kilo nzima, muundo haukai, unagawanyika. Kuukalisha unatia titaniamu au vanadiamu, na hizo zinakula usumaku ule ule ulioufuata. Samariamu nayo inatoroka kama mvuke kwenye tanuru. Na juu ya hayo, haina utando wa asili wa mipakani kama wa neodimiamu. Nd2Fe14B ilizaliwa na bahati hiyo, huyu hakuzaliwa nayo.

Ya tatu haina sifa kubwa lakini mama utaipenda kibiashara: seriamu. Ukichimba madini adimu mepesi, nusu ya unachotoa ni seriamu, robo hivi ni lanthanamu, na neodimiamu ni sehemu ndogo. Seriamu ni bei ya chini, neodimiamu ni ghali mara nyingi zaidi. Februari 2018 Toyota walitangaza sumaku ambayo hadi nusu ya neodimiamu imetolewa na kuwekwa lanthanamu na seriamu kwa uwiano wa 1 kwa 3. Ukichanganya ovyo, sumaku inaharibika. Wao walipunguza punje hadi sehemu ya kumi, na wakapanga neodimiamu ikae nyingi kwenye ngozi ya punje na kidogo katikati. Mipaka tena.

Kijana wa Chunya

Akili mnemba je? Nimesoma mahali kompyuta inachuja mamilioni ya misombo kwa usiku mmoja.

Mchenjuaji

Inachuja kweli, na mimi siipuuzi. Kompyuta inakokotoa vizuri usumaku wa fuwele, msimamo wake, na kama fuwele itakaa au itavunjika. Hizo ni sifa za fuwele moja safi kwenye ombwe. Ukaidi wa sumaku halisi unaamuliwa na dosari za nanomita chache kwenye mabilioni ya mipaka, na na historia ya tanuru: ilipoa kwa kasi gani, oksijeni kiasi gani iliingia. Bado hakuna anayebonyeza kitufe akapata hilo. Kwa hiyo ukisikia "tumegundua sumaku mpya kwa kompyuta", uliza mambo mawili: koesiviti yake ni ngapi kwenye 150°C, na je, wamewahi kutengeneza kipande cha ukubwa wa kidole? Nusu ya habari zinakufa hapo.

Zile zisizo na madini adimu kabisa, kama nitridi ya chuma Fe16N2 na tetrataenaiti inayopatikana kwenye vimondo, zina nafasi yake: spika, mota ndogo. Kuziweka kwenye mota ya lori, mnivumilie, sioni bado.

Bi Tunu

Marahaba. Sasa twende Songwe.

Mchenjuaji

Ngualla ni mwamba mzuri kweli wa neodimiamu na praseodimiamu. Leseni maalumu ilitolewa Aprili 2023, serikali ina asilimia 16, na Shenghe wa China ndio walioishia kuichukua kampuni mama ya Australia mwaka 2025. Mpango wa mgodi ni kuzalisha makinikia. Kutoka makinikia hadi sumaku kuna ngazi: kutenganisha kila elementi, kugeuza oksidi kuwa metali, kutengeneza aloi, unga, kuoka. Thamani kubwa na ujuzi mgumu viko ngazi za juu, na takriban asilimia 90 ya ngazi hizo iko China.

Kwa upande wa disprosiamu, Ngualla haina cha kujivunia, ni mwamba wa madini mepesi. Jirani mwenye nayo ni Uganda: Makuutu, kule Busoga, ni udongo mfinyanzi wa aina ile ile ya kusini mwa China. Gakara ya Burundi ilianza kuuza mwaka 2017, serikali ikaisimamisha 2021.

Ninachokiona mimi: viraka vya Honda na Shin-Etsu vinapunguza uhitaji wa disprosiamu ya Makuutu, na kiraka cha Toyota kinaipa kazi seriamu ambayo Ngualla itakuwa nayo milima. Anayejadili mkataba wa miaka 30 bila kusoma yanayofanyika kwenye mipaka ya punje anajadili gizani. Wachumi wetu sijawaona wakiyasoma.

KatangaYetu

Na kobalti yetu? Maana umesema 1:12 inataka kobalti kidogo.

Mchenjuaji

Inataka, asilimia 20 hivi ya nafasi za chuma kwenye ule utando wa 2017. Ikifika kiwandani, watakutafuteni tena.

Fundi Msuka Mota

Mkuu, la mwisho. Nina gunia zima la hard disk za ofisi na mota zilizokufa. Nimesikia sumaku zake zinarudishwa kuwa mpya. Ni kweli au porojo?

Mchenjuaji

Kweli. Ile hatua ya kulisha hidrojeni niliyoitaja ilitokana na kazi ya Rex Harris na wenzake wa Birmingham, na chuo hicho hicho wakaigeuza kuwa njia ya kurejesha: sumaku kuukuu ikinywa hidrojeni inabomoka yenyewe kuwa unga, usumaku unaisha, na unga unarudi kwenye mstari wa kuoka bila kuyeyushwa upya. Dar wanaziuza kwa kilo pamoja na alumini, hasara tupu.

Zitenge kwa aina, za hard disk mbali na za mota, maana za mota nyingi zina disprosiamu na bei yake ni nyingine. Zikikamatana usizitenganishe kwa bisibisi, zitakubana vidole. Pasha hadi ipite 350°C nje penye hewa, zitaachiana zenyewe. Na usizikate kwa grinda hata kidogo: ule unga ukitoka cheche moja tu unawaka, na ukiumwagia maji unatoa hidrojeni. Weka mchanga mkavu karibu.